Sifa ya Mguu Mwepesi

Tangu Mei 2013, mapumziko ya wiki Omani yalipohamishiwa Ijumaa na Jumamosi, Alhamisi jioni ndiyo jioni ya watu kurudi kwao. Magari humiminika kutoka Maskati, yakafika Bidbid yakagawana: haya yakashika njia ya Nizwa, yale yakashika ya Ibra na Sur, na ndani ya mengi kati yake mazungumzo ni ya Kiswahili. Katika msafara huo wamo madereva wa namna mbili, na huwatambui kwa ukubwa wa gari wala kwa upya wake. Mmoja anakanyaga mafuta, anakanyaga breki, anakanyaga tena mafuta, kila mara akiikimbilia nafasi ambayo itakuwa imekwisha kuzibwa atakapoifikia. Mwengine gari lake linateleza tu. Taa zake za breki haziwaki mara kwa mara, abiria wake hawatikisiki shingo, na tangi lake huchelewa kuisha. Nizwa tunamsifu fundi wa fedha anayenakshi khanjari, na tunamsifu kwa haki. Huyu dereva wa pili naye ni fundi, na anakosa sifa kwa sababu moja tu: anachokitengeneza ni petroli ambayo haikuungua, nayo hakuna mtu awezaye kuitundika ukutani.

Ufundi wake wote umesimama juu ya jambo moja. Kasi ni petroli iliyokwisha kulipiwa. Gari linapofika kilomita 100 kwa saa, mafuta yaliyochomwa kulifikisha hapo hayajapotea yote, sehemu yake imo ndani ya mwendo wenyewe, na mwendo huo unaweza kulibeba gari mbali sana kama ukiachiwa. Breki ndiyo inayoutupa. Kila inapokanyagwa, mwendo hugeuka joto kwenye diski za magurudumu, joto likaenda na upepo, na dereva akalazimika kuununua mwendo ule ule kwa mara ya pili. Kwa hiyo fundi haanzi na mguu, anaanza na jicho. Anaiona taa nyekundu iko mbali, au tuta la kuingilia kijijini, au ule mzunguko wa barabara ambao Tanzania wanauita kipilefti (jina ambalo Omani lingekuwa kinyume, maana huku tunashika kulia), na pale pale anaondoa mguu kwenye mafuta. Gari la siku hizi lililo ndani ya gia, mguu ukishaondoka, hukata petroli kabisa mpaka kasi iteremke sana. Mita 300 za mwisho kabla ya taa huenda bure, na mara nyingi taa huwa imekwisha kuwa kijani kabla hajasimama.

Watu wa Dakhiliya, mkoa wa Nizwa, hawahitaji kufundishwa hesabu hii, kwani wazee wao waliifanya kwa maji. Falaj (mifereji ya maji) ya Daris ya Nizwa na ya Khatmein ya Birkat al-Mouz, mbili kati ya tano zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, hazina pampu. Maji yanakwenda kwa mteremko mdogo mno ambao jicho la kawaida halioni hata kama upo, na hugawiwa kwa muda, athar moja nusu saa, kila shamba na zamu yake. Aliyeuchimba mfereji ule alijua kwamba mteremko ni mali, na ukiupoteza mapema hutaupata mbele. Dereva mwema anautumia mwendo wake kwa akili ile ile.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote upo kwenye njia kuu. Ukinzani wa hewa haupandi sawasawa na kasi, unapanda kwa mraba wake. Anayeshuka kutoka 120 hadi 100 kwa saa amepunguza kasi kwa sehemu moja ya sita, lakini nguvu ya hewa inayomsukuma nyuma imepungua kwa karibu asilimia 31. Si yote hiyo itakayoonekana kwenye pampu, kwani injini ina matumizi yake mengine na matairi yana yao. Tukadirie kwa uangalifu: kutoka Maskati hadi Nizwa ni kiasi cha kilomita 160, na tuseme gari la kawaida linaokoa lita mbili na nusu njia moja. Kwa anayekwenda na kurudi kila wiki, wiki 50 kwa mwaka, ni lita 250. Hapa ndipo pingamizi la kwanza hutolewa, kwamba nchi ni ya mafuta na bei ni nafuu. Ilikuwa nafuu zaidi. Mpaka mwisho wa 2015 serikali iliipanga bei, na lita ya petroli ya daraja la juu ilikuwa baisa 120. Januari 2016 ruzuku ikaondolewa, na mwishoni mwa 2021 serikali ilipoweka kikomo ili bei isizidi kupanda, lita ya M91, petroli ya daraja la kawaida, ilisimama kwenye baisa 229. Kwa bei hiyo lita 250 ni rial 57. Kwa kijana aliyeajiriwa juzi, anayelipa chumba Maskati na kumpelekea mama yake chochote Ibra, rial 57 si kitu cha kupeperusha hewani.

Pingamizi la pili ni muda, nalo nalichukua kwa uzito zaidi, maana mtu ana haki ya kutaka kufika kwao. Kilomita 160 kwa 120 ni dakika 80, na kwa 100 ni dakika 96. Tofauti ni dakika 16, tena ikiwa barabara ni tupu kabisa, jambo ambalo Alhamisi jioni halitokei. Anayepiga mbio hukutana na msongamano mbele na kuusubiri kama wenzake. Wapo pia wasemao kwamba anayekwenda polepole ni hatari kwa wengine. Kweli, anayejikokota njia ya kushoto ni hatari, na yeye si fundi. Fundi yuko njia ya kulia, mwendo wake mmoja, nafasi mbele yake ndefu, na kila aliye nyuma anajua atafanya nini.

Ukitaka kuuona ufundi huu umekamilika, nenda Jabal Akhdar. Polisi walioko kituoni juu ya Birkat al-Mouz hawaruhusu kupanda ila gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, na kutoka hapo hadi uwanda wa Saiq gari hupandishwa karibu mita 1,400. Kuuinua mzigo wa tani mbili kiasi hicho, kwa injini ambayo robo tu ya petroli yake hugeuka mwendo, kunakula zaidi kidogo ya lita tatu juu ya zile za masafa yenyewe. Hizo hazikwepeki. Lakini kuteremka ni habari nyengine. Wapo wanaoliachia gari frii wakidhani wanaokoa mafuta, na hasara yao ni ya pande mbili: injini iliyo frii lazima inywe petroli kidogo isizimike, na breki zinaachwa peke yao kubeba mlima mzima mpaka zichemke. Anayeweka gia ndogo na kuondoa mguu hachomi hata tone, na injini yenyewe ndiyo inayolishikilia gari. Hapo uokozi wa mafuta na uokozi wa roho vimekuwa tendo moja, na kwangu hiyo ndiyo hoja kubwa kuliko rial 57.

Mengine ni madogo, lakini ni ya kila siku. Gari lililosimama na injini inaunguruma hula takriban lita moja hadi mbili kwa saa kutegemea injini na kiyoyozi, na sisi tumezoea kupiga honi mbele ya duka la chai tungoje karak iletwe dirishani. Anayeingia mchangani Bidiya hupunguza upepo wa matairi, na hafanyi kosa. Kosa ni kurudi kwenye lami na kushika njia ya Sur matairi yakiwa bado laini, yakila mafuta na kupata moto mpaka yapasuke. Kiyoyozi nacho, kwenye joto kali, kinaweza kula zaidi ya robo ya ufanisi wa gari, na takwimu hiyo ni ya Wizara ya Nishati ya Marekani. Hakuna mwenye akili atakayemwambia mtu mwenye mtoto au mzee garini akizime Julai. Atamwambia aegeshe kivulini, afungue milango joto litoke kwanza, ndipo akiwashe. Ufundi huu si ubahili. Bahili anajinyima, fundi hajinyimi kitu ila kile ambacho hakikuwa na faida kwake.

Husemwa pia kwamba magari mapya yatatufanyia yote haya. Yatafanya sehemu. Gari la mseto wa petroli na umeme hurudisha baadhi ya mwendo kwenye betri kila linapofunga breki, lakini baadhi tu. Linaloelekea mbio kwenye taa nyekundu bado linapoteza, kwa sababu aliyeshindwa kutazama mbele ni mtu. Wala sheria haitoshi. Marekani, baada ya Waarabu kuinyima mafuta mwaka 1973, ilitunga sheria mwaka uliofuata ya kwenda maili 55 kwa saa, sawa na kilomita 88 hivi. Madereva wengi waliivunja waziwazi, na mwaka 1995 ikafutwa. Hao walipewa amri bila kupewa ufundi, na mguu wa mtu hautulii kwa amri.

Basi Alhamisi ijayo, asubuhi matairi yakiwa bado baridi, pima upepo. Jioni, ukishapita Bidbid, shika kulia, weka 100, na macho yako yasitazame gari lililo mbele yako bali la tatu au la nne. Likiwasha taa za breki, ondoa mguu.