Manowari ya Nchi Kavu

Makambako na bahari ni mbali. Hapa barabara ya Dar es Salaam inagawanyika, moja ikienda Mbeya na nyingine Njombe hadi Songea. Treni ya TAZARA inapita, na malori ya mahindi yanapakia. Maji makubwa ya mkoa wetu ni Ziwa Nyasa, kule chini Ludewa. Hata hivyo, ufundi ninaousifu, wa kuiga vita vya baharini kwa kompyuta, hauhitaji ufuo. Ushahidi ni jengo lililoko Moorestown, New Jersey, Marekani: limejengwa kwa umbo la sehemu ya juu ya manowari, rada zikiwa juu yake, katika nchi ya mashamba. Watu waliliita manowari ya shamba la mahindi. Humo, tangu miaka ya 1970, wahandisi waliujaribu mfumo wa mapigano wa manowari uitwao Aegis kabla ya meli yake ya kwanza, USS Ticonderoga, kuanza kazi mwaka 1983.

Katika uigaji wa namna hii, mfumo ni halisi: kompyuta na programu ni zilezile za melini. Kinachotungwa ni adui. Kompyuta nyingine huunda mwangwi wa rada wa ndege isiyokuwepo, ikaipa kasi, kimo na njia, kisha ikachanganya fujo za mawimbi na mvua. Mfumo huipokea, huifuatilia, huipangia kombora, wala haujui kwamba nje ni majani matupu. Kosa likionekana, hurekebishwa, na shambulio lilelile huletwa tena. Bahari haina ukarimu huo. Wimbi la jana halirudi. Kijana aliyekulia kwenye baridi ya Njombe, akiiva katika hesabu, anaweza kuutunga mwendo wa wimbi bila kuonja maji ya chumvi, mradi awe mkweli kwa vipimo vilivyoletwa na walioko baharini.

Bei ya kujifunzia vitani tuliiona Rufiji. Mwaka 1915 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha kwenye delta. Waingereza walileta Severn na Mersey, meli ambazo zingepiga shabaha zisiyoiona, zikielekezwa na ndege. Walifanya mazoezi Mafia kwanza. Tarehe 6 Julai bado walishindwa, Mersey ikapigwa na baadhi ya mabaharia wake wakafa. Tarehe 11 ndipo walipofaulu. Uigaji unatuwezesha kuipitia tarehe 6 mara mia bila kuzika mtu.

Lakini mashine si mfumo wote. Tarehe 3 Julai 1988, katika Ghuba ya Uajemi, USS Vincennes yenye Aegis iliitungua ndege ya abiria ya Iran iliyokuwa ikienda Dubai. Watu 290 walikufa. Kumbukumbu za kompyuta zilionyesha ndege ikipanda. Mabaharia waliamini inashuka kuwashambulia. Baadaye jeshi la majini la Marekani lilianzisha utafiti wa namna watu wanavyoamua wakiwa kwenye shinikizo.

Ndiyo maana namheshimu zaidi fundi anayeiweka ndege ya abiria katikati ya maadui aliowatunga, akamharakisha afisa aliye mezani, kisha akaandika bila kuficha kile afisa alichoamua. Silaha iliyojaribiwa kwa kupiga tu imejaribiwa nusu. Nusu ya pili ni kujua wakati wa kutopiga.