Kabla ya Kushika Bisibisi

Taa nyekundu inawaka, inazimika, inawaka tena, kama mara moja kila sekunde. Televisheni nayo inaifuata: rangi tupu, giza, rangi tupu, giza. Yeyote aliyewahi kununua Nintendo Entertainment System ya mtumba anaijua taa hiyo. Muuzaji aliapa kwamba mashine ni nzima, jana tu ilikuwa inacheza, na huenda alisema kweli. Mnunuzi anachomoa kaseti, anaipuliza, anairudisha, anaibonyeza. Taa inaendelea kupepesa. Hapo watu hugawanyika: kuna wanaokimbilia bisibisi, na kuna wanaovuta kiti wakakaa. Hawa wa kiti ndio ninaotaka kuwasifu.

Kwetu kila kitu kikigoma tunasema kimekufa. Mtu anaingia kwenye kibanda cha fundi, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, anatua mzigo wake mezani na kusema, "Fundi, imekufa." Fundi wa kubahatisha anaanza kufungua skrubu hapohapo, maana mteja anapenda kuona kazi inafanyika. Fundi anayeijua kazi anauliza kwanza. "Ilikufaje, bosi? Ilizimika ghafla au ilianza kusumbua kidogo kidogo? Taa inawaka? Uliichomeka kwa adapta gani?" Mteja anaona anapotezewa muda, lakini matibabu yameshaanza. Kifaa kilichozimika ghafla mara nyingi kina tatizo la umeme. Kilichosumbua kidogo kidogo, leo kinakubali kesho kinakataa, mara nyingi kina tatizo mahali ambapo chuma hugusana na chuma.

Mashine ninayoizungumzia ina tatizo la aina hii ya pili, na tatizo lenyewe lina historia inayojulikana. Tarehe 15 Julai 1983 kampuni ya Nintendo ilitoa nchini Japani mashine ya Famicom, iliyosanifiwa chini ya mhandisi Masayuki Uemura. Kaseti zake zilikuwa na pini 60 na zilichomekwa kwa juu, wima, moja kwa moja. Mwaka huohuo soko la gemu za nyumbani lilianguka vibaya Marekani. Maduka yalibaki na shehena ya kaseti zisizo na mnunuzi, na wenye maduka hawakutaka kusikia habari za gemu tena. Nintendo walipoingia New York mwishoni mwa 1985, mashine yao ilikuwa imebadilishwa sura isifanane na gemu: boksi la kijivu lenye mlango wa mbele, kama deki ya video. Kaseti ikawa inaingizwa ikiwa imelala, kisha inabonyezwa chini mpaka inase. Pini nazo zikaongezwa zikawa 72.

Ubonyezaji huo ndio chanzo cha taabu yote. Mle ndani, nyuma kabisa ambako jicho halifiki, kuna kiunganishi chenye safu mbili za vijino vyembamba vya chuma. Kaseti ikiingia, vijino haviibani bado. Ikibonyezwa ndipo vinapopinda kidogo na kuikamata. Wahandisi walikusudia mtumiaji asitumie nguvu, na siku mashine inatoka dukani mpango wao ulifanya kazi vizuri. Lakini kijino kilichopindishwa maelfu ya mara huchoka, hakirudi tena mahali pake. Ongeza vumbi la miaka, ongeza mtoto aliyesukuma kaseti kwa hasira baada ya kufa kwenye ngazi ya mwisho. Sura ya deki ilimridhisha mwenye duka, na gharama yake ikaangukia vijino. Ndiyo maana fundi anayeijua habari hii huwa na mshukiwa wake wa kwanza kabla hajaigusa mashine.

Na kwa nini taa ipepese, badala ya mashine kukaa kimya tu? Ndani ya mashine kuna chipu ndogo ya ulinzi, na ndani ya kila kaseti halali kuna mwenziwe. Umeme ukiingia, chipu ya mashine na ya kaseti huanza mara moja kuitikiana kwa mpango maalumu, mmoja akipiga hodi mwingine akijibu karibu, na huendelea hivyo muda wote mchezo unapoendelea. Jibu lisiporudi, au likirudi limekatika, chipu ya mashine inauzima na kuuwasha upya ubongo wa mashine, tena na tena. Ulinzi huo uliwekwa ili Nintendo waamue nani atauza kaseti na nani hatauza. Ulikuwa mgumu kiasi kwamba kampuni ya Atari Games, iliposhindwa kuupenya kwa njia za maabara, ilipitia kwa mawakili wake ikapata nakala ya programu ya chipu hiyo kutoka Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikawa upande wa Nintendo katika shauri lililotokana na hilo. Chipu haijui tofauti kati ya mwizi na vumbi. Pini yake moja ikishindwa kugusa, kaseti halali kabisa inafukuzwa mlangoni.

Kwa hiyo taa inayopepesa ni habari njema, japo mnunuzi haioni hivyo. Inasema umeme umefika, mlinzi yuko macho, na ubongo unaamshwa kila sekunde. Kinachokosekana ni mguso. Ninachokipenda zaidi katika ufundi huu ni kwamba kila namna ya kushindwa ina lugha yake, na mtu akitulia ataisoma. Taa isipowaka kabisa, anza na adapta. Taa ikitulia lakini skrini ikabaki na rangi moja tupu, mlinzi ameridhika ila ubongo hausomi programu. Kuna hali ya tatu, nayo ndiyo tamu kuliko zote: muziki unapiga sawasawa, mchezaji anaruka ukibonyeza, lakini picha zimevurugika, herufi zimekaa mahali pa mawingu na ukuta umejaa vipande vya nyuso. Hapo lazima ujue kwamba kaseti nyingi za mashine hii zina chipu mbili za kumbukumbu, moja ya programu na nyingine ya picha, na kila moja inapita kwenye pini zake. Muziki ukiwa mzima na picha zikiwa zimeharibika, pini za programu hazina kosa. Unatafuta upande wa picha peke yake. Bila kufungua skrubu hata moja umeshafuta nusu ya washukiwa.

Adapta nayo ina mtego wake. Ile iliyouzwa Marekani inataka umeme wa volti 120, na soketi zetu zinatoa karibu mara mbili ya hizo. Ukiichomeka ukutani hapa bila transfoma ya kushusha, usimtafute fundi, tafuta adapta nyingine. Halafu hutoa volti 9 za mkondo geu, tofauti na adapta nyingi tulizozizoea ambazo hutoa mkondo mnyoofu. Fundi asiyelijua hilo ataweka mita yake kwenye mkondo mnyoofu, atasoma sifuri, na ataitangaza adapta nzima kuwa mbovu. Na ukiichukua adapta hiyohiyo ukaichomeka kwenye Famicom ya Japani, ambayo yenyewe inataka mkondo mnyoofu, unaweza kuiua kweli. Televisheni nayo isisahauliwe. Mashine ya Marekani inatoa picha kwa mfumo wa NTSC, na televisheni ya zamani inayojua PAL tu itaionyesha bila rangi au itaizungusha. Wapo waliofungua mashine nzima kwa kosa la televisheni.

Hayo yakishapita ndipo unaposhika kaseti, na kuishika kwenyewe kuna adabu yake. Kupuliza ni imani ya dunia nzima. Watoto wa Osaka, wa Chicago na wa Magomeni walipuliza kwa namna moja bila kufundishana, na kwa kuwa mara nyingi mashine ilikubali baada ya kupulizwa, nani angewaambia kwamba wamekosea? Kinachosaidia hasa ni kule kuchomoa na kurudisha, maana kila mara kaseti inapoingia pini hukaa tofauti kidogo na hupata nafasi nyingine ya kugusa. Pumzi yenyewe ina unyevu, na unyevu juu ya shaba huacha kutu baada ya miaka. Tumia pamba ya kijiti iliyoloweshwa spiriti safi isiyo na maji mengi, pitisha kwenye meno ya kaseti mpaka pamba iache kutoka nyeusi, kisha iache ikauke. Mgongoni mwa kaseti Nintendo wameandika usitumie spiriti wala benzini. Nadhani waliandika wakimwogopa mtoto mwenye chupa nzima mkononi, na mafundi wa mashine hizi wamezoea kulipita onyo hilo kwa uangalifu.

Kaseti ikigoma kusafishika kwa nje, inafunguliwa, na hapo unakutana na skrubu ya ajabu isiyokubali bisibisi ya kawaida. Kifaa chake kinauzwa, lakini mafundi wasio nacho walishapata dawa: unachukua ganda la plastiki la kalamu ya kawaida, unalipasha moto mpaka lilainike, unalikandamiza juu ya kichwa cha skrubu, unasubiri lipoe. Limeshakuwa bisibisi. Wakati uko humo ndani utakuta baadhi ya kaseti, kama ile ya The Legend of Zelda, zina betri ndogo iliyochomelewa. Kaseti ya aina hiyo ikisahau ulipoishia siku ya pili yake, mara nyingi haina ubovu mwingine, betri imekwisha.

Kiunganishi cha pini 72 ndicho cha mwisho, ingawa ndicho mshukiwa wa kwanza. Hapa ndipo subira inapopimwa. Unajua karibu kwa hakika kwamba kosa liko pale, lakini unapita kwanza kwa walio rahisi kuwahoji, maana kukifikia ni lazima uibomoe mashine. Kikishatoka, wengi hukichemsha kwenye sufuria ya maji kwa dakika chache. Uchafu wa miaka hutoka na vijino hupata uhai kidogo. Kisha kinakaushwa kabisa, tena kabisa, kabla ya kurudi. Wengine hununua kipya. Vipya vingi vya bei rahisi vinabana mno, kaseti ikiingia inang'ang'aniwa kama deni, na ukiivuta unahisi unaumiza kitu. Mimi ningechemsha cha zamani kwanza.

Kuna njia ya mkato ambayo mafundi wengi huipenda: kukata mguu wa nne wa ile chipu ya ulinzi ndani ya mashine. Ukishaukata, mlinzi haulizi tena, na taa haipepesi. Mteja anafurahi, analipa, anaondoka. Lakini vijino vimebaki vilevile vimechoka, na mara nyingine kinachofuata ni skrini tupu iliyotulia badala ya skrini tupu inayopepesa, na sasa umeondoa ile dalili iliyokuwa ikikuambia ukweli. Sisemi ni dhambi. Nintendo wenyewe mwaka 1993 walitoa toleo lenye kaseti ya kuchomekwa kwa juu na bila mlinzi huyo, wakarudi karibu na pale walipoanzia Japani miaka kumi nyuma. Ila kama ni kukata, kata baada ya kusafisha, ukiwa umeshaiona mashine inasoma kaseti zake halali.

Wengi wetu hatukukulia kwenye mashine halisi. Tulikulia kwenye zile za kuigiza kutoka Asia, nyepesi kama sahani ya plastiki, na kaseti ya njano iliyoandikwa kwamba ina gemu maelfu kumbe ni chache zinazojirudia. Zile ziliigiza Famicom, kwa hiyo kaseti zao ziliingia kwa juu na zilisumbua kidogo kuliko deki ya Marekani. Lakini ukizifungua, mara nyingi unakuta ubongo wote umefunikwa kwa tone la gundi nyeusi ngumu, hakuna namba ya kusoma, hakuna mguu wa kupima. Ikiungua imeungua. Ile halisi, pamoja na ugonjwa wake wa kuzaliwa, imejengwa kwa chipu zenye majina na miguu inayoonekana, na ndiyo maana baada ya miaka karibu 40 bado kuna mtu anaweza kukaa nayo mezani na kuihoji. Watengenezaji wenyewe waliacha kuipokea Famicom kwa matengenezo mwaka 2007, wakisema vipuri vimekuwa haba. Tangu hapo kazi yote imekuwa ya mafundi wa mitaani na wapenzi wa nyumbani.

Basi ukikutana nayo sokoni, kwenye rundo la deki na redio, usiikimbie kwa sababu taa inapepesa. Uliza kwanza adapta yake iko wapi, na usome ilichoandikwa. Usimruhusu muuzaji aifungue mbele yako kukuonyesha kwamba anajua. Mwombe akuongezee kaseti moja ambayo mmeiona wote wawili ikikubali kwenye mashine nyingine, hata kama ni gemu usiyoipenda, na uwe tayari kuilipia. Bila kaseti hiyo hutajua kamwe kama unatibu mashine au unatibu kaseti.