Kukwama na Kung'ang'ania

Mfasiri wa kitabu cha magari aandikapo kwamba breki ya mkono "imekwama", hatujui anamwelekeza fundi wapi. Je, mkono umekataa kushuka, au umeshuka lakini viatu vya breki vingali vimeshika dramu? Katika gari kuukuu, kasoro hii ya pili aghalabu hutokana na waya ulioshika kutu ndani ya ala yake. Dalili yake ni gurudumu moja la nyuma kuwa na joto kuliko mwenzake. Dawa ni kubadili waya. Dereva ateremkaye Milima ya Uluguru kutoka Mgeta hawezi kupuuza tofauti hiyo, kwani breki iliyopata moto kupita kiasi hupungukiwa na nguvu. Kwa hiyo twapendekeza: mkono "hukwama", viatu "hung'ang'ania".