Kuridhika si kuelimika

Mwaka 2017 Uingereza ilivigawia vyuo vikuu dhahabu, fedha na shaba kwa ubora wa ufundishaji. London School of Economics ikaambulia shaba. SOAS, ambako Kiswahili kimefundishwa miaka na mikaka, vilevile. Je, wakaguzi waliingia madarasani? La hasha. Walitegemea maelezo ya vyuo vyenyewe, takwimu za wanaoacha masomo na wanaopata ajira, na hojaji ya kitaifa ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho iliyoanza 2005.

Hapa ndipo lugha inapotuchezea. Hojaji iliuliza kuhusu kuridhika, halafu jedwali likatangaza ubora. Kuridhika ni hali ya moyo. Kuelimika ni kubadilika kwa akili, na aghalabu huuma. Mhadhiri anayerudisha insha iliyojaa wino mwekundu atapewa alama gani? Mwaka huohuo wanafunzi wengi, wakiwemo wa Oxford na Cambridge, waliisusia hojaji hiyo wakihofia itatumiwa kupandishia karo.

Sisemi wanafunzi wasiulizwe. Wao ndio wanaokaa darasani. Ila kabla hatujaiga orodha za wenzetu, tuulize: kilichopimwa ni kipi? Chema chajiuza, ndiyo, lakini si kila kinachouzika ni chema.