Kicheko cha Kafira: Kumkumbuka Profesa Francis Imbuga

Marehemu Profesa Francis Davis Imbuga (1947–2012), mtunzi wa tamthilia, mwigizaji na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, alifariki dunia mwezi wa Novemba 2012. Waliofunzwa naye na waliofundisha pamoja naye humkumbuka kwa ucheshi wake. Hata hivyo, ni ucheshi huo huo uliowafanya baadhi ya wahakiki kumwona mwoga, aliyejificha nyuma ya mzaha ilhali wenzake walisema waziwazi na kuadhibiwa. Makala haya yanashikilia kwamba shutuma hiyo inatokana na usomaji wa juujuu.

Betrayal in the City, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kama Usaliti Mjini, ilichapishwa mwaka wa 1976. Mwaka wa 1977 iliiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC mjini Lagos, pamoja na The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo. Mwishoni mwa mwaka huo Ngũgĩ alitiwa kizuizini, baada ya Ngaahika Ndeenda kuchezwa Kamiriithu. Katika mazingira hayo, mzaha haukuwa pambo. Ulikuwa njia ya kuuweka ukweli jukwaani na kuubakiza hapo.

Mfano ulio wazi ni jina la nchi inayosawiriwa. Herufi za "Kafira" zikipangwa upya huwa "Afrika", kwa tahajia ya Kiswahili wala si ya Kiingereza. Mfano mwingine ni Mulili. Hadhira humcheka kwa Kiingereza chake kilichovunjika, lakini mtu huyo huyo anayechekesha ndiye anayemchongea Kabito kwa Boss kutokana na mzozo wa zabuni ya maziwa, na Kabito anauawa. Kicheko kinamkwama mtazamaji kooni, kwa kuwa anatambua kwamba amekuwa akimcheka muuaji. Hapa pana mtihani kwa mfasiri: Mulili akipewa Kiswahili sanifu, kejeli yote hutoweka.

Mbinu hii hufikia kilele katika mchezo ndani ya mchezo. Jusper, ambaye nduguye Adika aliuawa katika maandamano ya wanafunzi, huchukuliwa kuwa mwendawazimu, na kwa hiyo huachwa aseme. Mazoezi ya mchezo wake yanageuka kuwa mapinduzi, bunduki za maigizo zikiwa bunduki za kweli. Mulili anapigwa risasi, lakini Boss anaachwa hai. Wanaoiona hatima hii kuwa ulegevu hawazingatii kwamba Imbuga anakataa kumpa mtazamaji faraja ya kisasi. Kafira imempoteza kibaraka. Swali la utawala wenyewe limebaki bila jibu, na mtazamaji anakwenda nalo nyumbani.

Imbuga alibaki jukwaani na darasani kwa miongo kadhaa, na vizazi vya wanafunzi wa shule za upili nchini Kenya vimeisoma tamthilia hii kwa ajili ya mtihani. Kwa idara za fasihi, heshima inayomstahili si sifa za mazishi tu, bali ni kuusoma mzaha wake kwa uzito ule ule aliouandikia. Mungu ailaze roho yake mahali pema.