Maili 16 za Armstrong

Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2006, Lance Armstrong alifika kwenye daraja la Verrazano, inapoanzia marathoni ya New York, akiwa na moyo wa mshindi wa Tour de France, mapafu ya mshindi wa Tour de France, na miguu ya mtu ambaye mbio zake ndefu kuliko zote za mazoezi zilikuwa maili 16. Kilomita 26 kasoro. Uchangishaji wa hisani ulikwenda vizuri, maji na ulinzi vilipangwa vizuri, sina neno. Lakini uamuzi wa kuishia maili 16 ulikuwa kosa, tena kosa ambalo kocha yeyote wa Mbulu au Arusha angelikataa hata kabla mwanafunzi hajamaliza kulieleza.

Utetezi wake naujua. Alimaliza kwa saa 2:59:36, ndani ya zile saa tatu alizozitaka. Mfuko wake wa saratani uliingiza dola 600,000. Wengi wetu tutazeeka bila kuiona saa tatu ya marathoni. Yote kweli. Lakini aliponea kwa sekunde 24, na baada ya hapo akawaambia waandishi kwamba katika miaka yake yote ya michezo, milima ya Ufaransa ikiwemo, hakuna siku iliyomtesa namna ile. Akakiri mwenyewe kwamba hakujiandaa vya kutosha. Mimi narudia tu alichokisema.

Ninalichimba jambo la 2006 leo kwa sababu halijafa. Kila msimu wa mbio za hisani unapokaribia, magrupu ya WhatsApp yanajaa fulana mpya, namba za kutuma michango, na bila kukosa kuna mjuaji mmoja anayekumbusha kwamba Armstrong alikimbia maili 16 tu akaivuka New York. Wenzake wanaweka alama ya dole gumba. Wiki inayofuata mbio za Jumapili zinapunguzwa kutoka kilomita 28 hadi 18, kwa sababu kuna kikao cha kamati ya michango.

Tuanze na alichokuwa nacho. Miaka ya baiskeli hujenga moyo unaosukuma damu nyingi kwa pigo moja, na misuli inayojua kuitumia oksijeni ikifika. Upande huo hakuwa na deni. Shida ya baiskeli ni kwamba haimpigi mtu. Umekaa kwenye tandiko, pedali zinazunguka, uzito wako umebebwa na chuma. Mkimbiaji anatua kwa mguu mmoja kila hatua, na nguvu inayomrudia kutoka kwenye lami hufika mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Paja linafanya kazi huku likirefushwa, likizuia goti lisikunjike, na kazi hiyo ndiyo inayochanachana nyuzi za msuli. Kwenye baiskeli karibu haipo kabisa.

Mfupa nao una utaratibu wake. Ukiutwika mzigo mgeni, mwili kwanza unakwangua sehemu ya zamani, ndipo unajaza mpya, kwa hiyo kuna wiki kadhaa za mwanzo ambapo mfupa uko dhaifu kuliko siku ulipoanza. Moyo huzoea kwa wiki. Mfupa na kano vinataka miezi. Ndiyo maana mtu mwenye pumzi kubwa na miundi michanga yuko hatarini kuliko sisi wa kawaida. Sisi pumzi inatukatikia mapema, tunasimama kabla hatujajivunja. Yeye hakuna kinachomsimamisha isipokuwa maumivu, na maumivu kazini kwake yalikuwa kitu cha kupuuza.

Sasa chukua ramani ya New York uitazame. Maili ya 16 inaishia karibu kabisa na pale unaposhuka daraja la Queensboro kuingia Manhattan, First Avenue. Mlioikimbia au kuitazama mnajua palivyo. Juu ya daraja ni kimya, hakuna watazamaji, unasikia viatu tu. Halafu unateremka, unapinda, na kelele za barabara nzima zinakupokea. Kila mtu huongeza kasi hapo, wengi bila kujijua. Kwa Armstrong, hapo ndipo mwili wake ulipoingia mahali ambapo haukuwahi kufika kwa miguu katika maandalizi yote. Zilibaki maili 10 na ushee, kilomita zaidi ya 16. Kwa kasi yake ya takriban dakika 4 na sekunde 15 kwa kilomita, hiyo ni zaidi ya saa nzima, hatua zaidi ya elfu kumi, na ndani yake kuna daraja la Willis Avenue, Bronx, na kile kimwinuko cha Fifth Avenue kando ya Central Park ambacho kwenye ramani kinaonekana si kitu. Kwenye nusu ya pili ya mbio miundi ikaanza kuuma, wa kulia zaidi. Mwishoni mashavu ya miguu yalikuwa yamejikaza hata kutembea kulikuwa taabu.

Mbio ndefu za mazoezi zipo kwa ajili ya saa hiyo. Kilomita 30 hadi 32, mara tatu, za mwisho zikiwa wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Hazikupi kasi. Zinaufundisha mwili kuchoma mafuta ili glikojeni isiishe mapema, zinaikomaza miguu kwa mapigo, na zinakuonyesha ukiwa nyumbani kiatu gani kitakuchubua na chakula gani kitakugeuka tumboni. Nimeshasikia hoja kwamba mwanamichezo wa kiwango chake hazihitaji kwa sababu uvumilivu anao. Uvumilivu wa nini? Wa kukaa kwenye tandiko saa sita anao, hakuna anayebisha.

Badala ya mbio ndefu, akapewa waweka kasi. Na waweka kasi gani! Alberto Salazar, mshindi wa New York mara tatu mfululizo, 1980 hadi 1982. Joan Benoit Samuelson, dhahabu ya Olimpiki 1984. Hicham El Guerrouj, ambaye Athens 2004 alibeba mita 1,500 na 5,000. Wakapokezana kumsindikiza. Nitasema moja tu: mweka kasi anakukatia upepo, anakushikia saa, na anakuzuia usikimbie kwa wazimu maili ya kwanza. Muundi wako hawezi kukubebea. Kikosi kile kilitibu tatizo ambalo Armstrong hakuwa nalo, maana mtu aliyepanga mbio za wiki tatu za Tour kwa sekunde hashindwi kugawa nguvu zake kwa saa tatu.

Halafu ile kamera. Ilitengwa kamera ya kumfuata yeye peke yake mwanzo hadi mwisho, wakati mbele kulikuwa na mashindano ya kweli. Marilson Gomes dos Santos wa Brazil aliwatoroka wakubwa wote, wakamdharau wakidhani atarudi, hakurudi: 2:09:58. Stephen Kiogora wa Kenya sekunde nane nyuma yake, na Paul Tergat, bingwa mtetezi, sekunde nne tena nyuma ya Kiogora. Sekunde 12 kati ya wa kwanza na wa tatu baada ya kilomita 42. Mpaka leo mkumbushe mtu marathoni ile, atakutajia aliyemaliza dakika 50 baadaye.

Turudi kwenye fedha, kwa sababu ndiyo inayotumika kufunika kosa. Fedha ya hisani inabadilisha hesabu ya mazoezi, ila inaibadilisha kinyume na watu wanavyodhani. Mkimbiaji wa kawaida akiumia wiki ya tano anajitoa, hasara yake ni ada ya kiingilio. Aliyechangisha kwa jina la wagonjwa hajitoi. Ameshachukua ahadi za ofisini, kanisani, msikitini, kwa shangazi aliyeuguza mtu. Ataanza mbio akiwa anachechemea. Kwa hiyo yeye ndiye anayepaswa kufika na akiba kubwa zaidi miguuni, aanze mapema zaidi, na amalize kazi ya kuomba michango kabla ya zile wiki kumi za mwisho ambapo Jumapili si yake tena. Watu wa Team in Training walilielewa hili tangu 1988: wakimbiaji 38 waliofanya mazoezi kama timu, New York hiyohiyo, dola 322,000 kwa ajili ya saratani ya damu. Kazi safi.

Kwetu Tanzania tumeziiga fulana. Mbio zetu za hisani zimekua na nafurahi, za NBC kule Dodoma zinachangia vita dhidi ya saratani ya shingo ya kizazi na ni jambo la maana. Lakini mtu anajua rangi ya fulana miezi mitatu kabla na ratiba ya mazoezi haijui kabisa.

Mwanzoni mwa njia hiyohiyo ya New York aliwahi kusimama Juma Ikangaa, mwanajeshi wetu, mwaka 1989. Alikuwa ametoka kushika nafasi ya pili Boston miaka miwili mfululizo, mara ya kwanza akizidiwa na Ibrahim Hussein kwa sekunde moja tu. Akakimbia 2:08:01, rekodi ya njia ile iliyodumu hadi 2001. Ndiye anayetajwa dunia nzima kwa kauli yake kwamba nia ya kushinda haina thamani bila nia ya kujiandaa. Wamarekani wameichapa kwenye mabango yao ya mazoezi. Ilikuwa imeshafika New York miaka 17 kabla ya Armstrong.

Na kama mnataka mfano wa saratani yenyewe, yupo Terry Fox. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti mwaka 1977. Usiku wa kuamkia operesheni alisoma habari za Dick Traum, aliyemaliza New York 1976 kwa mguu wa bandia. Fox akaanza mazoezi Februari 1979, nusu maili, akaongeza kidogokidogo. Kuna wakati alikimbia siku 101 bila kupumzika, akapumzika Krismasi kwa sababu mama yake alimwomba. Si ya kuiga hiyo, mwili unahitaji siku za kupoa, na kisiki chake kilikuwa kikivuja damu. Lakini tazama mpangilio: miezi 14 ya kujijenga ndipo akachovya mguu baharini Newfoundland, Aprili 1980, kuanza kukimbia takriban marathoni moja kila siku kuikatiza Kanada. Siku 143, kilomita 5,373, mpaka saratani ilipomrudia mapafuni. Februari 1981 michango ilikuwa imepita dola milioni 24 za Kanada, dola moja kwa kila Mkanada kama alivyotaka. Armstrong alistaafu baiskeli Julai 2005. Kuanzia hapo mpaka Verrazano ni miezi 15.

Fred Lebow naye, baba wa marathoni ya New York, aligunduliwa kuwa na saratani ya ubongo 1990 na akaingia barabarani Novemba 1992, akiwa na miaka 60. Pembeni yake Grete Waitz, mshindi wa mbio hizo mara tisa, aliyekubali kwenda mwendo wa mgonjwa. Saa 5:32:34. Huyo ndiye mweka kasi ninayemkubali. Lebow hakuwa na pumzi ya Tour, alikuwa na miaka miwili ya kujirudisha kidogokidogo, na kasi aliyoichagua ilikuwa ile miguu yake iliyoweza kuilipia.

Kabla hamjaniandikia kuhusu 2012: ndiyo, USADA, shirika la Marekani la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, walifuta matokeo yote ya Armstrong kuanzia tarehe 1 Agosti 1998, kwa hiyo 2:59:36 imo ndani ya kipindi kilichofutwa. Salazar naye yakamkuta ya kwake mwaka 2019. Hoja yangu haitikisiki. EPO, ambayo Armstrong alikiri mwaka 2013 kwamba aliitumia kwenye Tour, huongeza chembe nyekundu za damu. Mfupa wa muundi haujawahi kunufaika nayo.

Mwaka 2007 alirudi New York, umri umeongezeka mwaka, miguu sasa inaijua lami: 2:46:43. Boston 2008, pamoja na vilima vyake: 2:50:58. Kati ya New York ya kwanza na ya pili kuna dakika 12 na sekunde 53, mtu yuleyule, njia ileile. Aliyemshauri 2006 kwamba anaweza kuziacha mbio ndefu za mazoezi kwa sababu ana Salazar pembeni, ningependa sana kumjua.