"Kuhifadhika" au "Kuhifadhiwa"? Tatizo la Istilahi za Visukuku

Neno kisukuku limekwisha kubalika kuwa istilahi ya mabaki au alama za viumbe wa kale zilizomo ardhini, nasi hatuna ugomvi nalo. Linalotushughulisha ni maneno yanayotumiwa kueleza jinsi kisukuku kinavyopatikana. Hapo wafasiri wetu wamezoea ama kitenzi kuhifadhiwa, ama maneno kugeuka jiwe, bila ya kuyapima. Twaonelea kwamba yote mawili yana kasoro, na kwamba madhara ya kasoro hizo hayaishii darasani.

Tuanze na kuhifadhiwa. Kauli ya kutendwa hudai mtenda, hata asipotajwa. Barua ikihifadhiwa, yupo karani aliyeitia katika jalada. Mfupa uliofunikwa na matope miaka milioni 150 iliyopita haukuwa na karani. Kwa hali ya namna hiyo Kiswahili kina kauli ya kutendeka: mfupa umehifadhika. Watakuwapo watakaosema kuwa hifadhika huweza pia kumaanisha kuwa kitu kinaweza kuhifadhiwa. Ni kweli, lakini njeo huondoa utata huo. Asemaye sahani imevunjika haelezi jambo moja na asemaye sahani za udongo huvunjika, wala hakuna mzungumzaji anayezichanganya kauli hizo mbili.

Umuhimu wa tofauti hii waonekana wazi Laetoli, katika eneo la Ngorongoro. Mwaka 1978 kundi la watafiti lililoongozwa na Mary Leakey lilipata huko nyayo za zamadamu waliopita kwa miguu miwili miaka ipatayo milioni 3.66 iliyopita. Walikanyaga majivu ya volkano yaliyoloa mvua. Majivu yakakauka na kuwa magumu, kisha yakafunikwa na majivu mengine. Nyayo hizo zilihifadhika. Baada ya kufukuliwa zilifunikwa tena kwa udongo, lakini miti ikaota juu yake na mizizi ikatishia kuziharibu, hata ikabidi sehemu ya njia hiyo ifukuliwe upya, isafishwe na kufunikwa kwa uangalifu zaidi katika miaka ya 1995 na 1996. Hapo ndipo zilipohifadhiwa. Kibao kikiandikwa kwamba nyayo "zimehifadhiwa kwa miaka milioni tatu na nusu", msomaji atadhani kazi ya hifadhi ilikwisha zamani, ilhali imeanza siku zilipofunuliwa. Kilichohifadhika bila ya mtu hakiwezi, kikishafukuliwa, kuendelea kudumu bila ya mtu. Mtumishi wa serikali anayeomba fedha za ulinzi wa mahali kama hapo anahitaji vitenzi vyote viwili.

Sasa tutazame kugeuka jiwe. Maneno haya yanasikika vizuri, lakini yanataja njia moja kana kwamba ndiyo pekee. Chukua mifupa ya dinosau wa Tendaguru, Mkoa wa Lindi, ambayo Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913 na kuipeleka Berlin. Mfupa una vishimo vidogo vingi. Maji ya ardhini yenye madini hupenya humo na kuacha madini hayo, na mara nyingi sehemu ya mfupa wenyewe hubaki. Mfupa huo haukugeuka, umejazwa madini. Pengine mwili wa asili huyeyuka kidogo kidogo na madini kushika nafasi yake. Hapo twapendekeza kusema kwamba madini yameushika mahali pake. Nyayo za Laetoli ni jambo la tatu: hakuna sehemu ya kiumbe iliyobaki, ila alama tu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kila kisukuku ni kiumbe kilichogeuka jiwe hataweza kuzitambua kuwa visukuku.

Wala tusidhani kwamba lugha yetu haijazoea kupambanua mambo ya namna hii. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani na Unguja waliuza nje sandarusi iliyochimbwa ardhini, ambayo mara nyingine huonekana ndani yake mdudu aliyenaswa. Utomvu mbichi wa mti uleule waliuita chakazi, na bei yake ilikuwa ya chini. Hawakusema kwamba sandarusi ni jiwe, kwani huyeyuka motoni. Kilichobadilika ni ugumu wake kutokana na kukaa ardhini, na kwa badiliko hilo walikuwa na jina. Mfasiri anayekuta habari za wadudu waliomo katika sandarusi au kaharabu hana haja ya kuleta jiwe hapo.

Kwa hiyo twapendekeza kuhifadhika liwe neno la jumla kwa kazi ya maumbile, na kuhifadhiwa liachiwe kazi ya binadamu. Chini ya kuhifadhika ziwekwe njia zenyewe, kila moja kwa jina lake: kujazwa madini, kushikwa mahali na madini, kuacha alama, na kunaswa katika utomvu. Kugeuka jiwe libaki katika hadithi, ambako lina mahali pake pa heshima. Tunawaomba walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya katika kazi zao, na pale yatakapowakwaza watuletee yaliyo bora zaidi.